Sanje, Sonjo na Prince Bernhard: Jinsi ya Kuyafikia Maporomoko ya Udzungwa

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990 na haina barabara ya kutembezea wageni kwa gari. Kila kitu huonekana kwa miguu. Liweke hilo akilini kabla hujafunga begi, maana wageni wengi huja na mazoea ya Mikumi au Serengeti, ya kukaa kwenye gari na kuonyeshwa. Hapa maji yako juu, wewe uko chini, na katikati kuna msitu mnene unaopanda ghafla kutoka Bonde la Kilombero.

Jambo jingine: usiamini umbali ulioandikwa. Njia ya kwenda Maporomoko ya Sanje ni ya kilomita chache tu, na anayeisoma akiwa mjini huona ni matembezi ya asubuhi moja kabla ya kupanda basi. Lakini mlima unaanza mara tu unapoacha kituo cha kuanzia. Joto la bondeni linakufuata hadi chini ya miti, unyevu unazuia jasho kukauka, na kuteremka kunachosha magoti kuliko kupanda kulivyokuchosha pumzi. Sanje inataka siku yake yenyewe. Ndiyo maana mwongozo huu unapanga siku tatu Mang'ula, penye makao makuu ya hifadhi, kuanzia poromoko dogo kwenda kubwa (Prince Bernhard, Sonjo, kisha Sanje), ili miguu izoee na ili ukifika Sanje uwe na muda wa kukaa.

Msimu

Miezi mizuri ni Juni hadi Oktoba. Ndani ya miezi hiyo, Juni na Julai ndiyo bora zaidi: masika yamekwisha, njia zimekauka, lakini msitu bado umeshiba na maji yanashuka kwa nguvu. Kufikia Septemba na Oktoba maji hupungua na bonde huwa na joto kali. Hata hivyo mito haikauki, kwa sababu msitu wa miteremko ya mashariki hupokea mvua nyingi na kuiachia kidogo kidogo mwaka mzima.

Machi hadi Mei usije kwa ajili ya maporomoko. Ni kweli kwamba ndipo maji yanapokuwa mengi kuliko wakati wowote, ila huyafikii kwa raha. Udongo unateleza, mawe yanavaa ukoga, miti huangukia njia, na vijito vya kuvukwa kwa hatua mbili huwa vya kuvukwa kwa sala. Kati ya Novemba na Februari mambo huwa mchanganyiko. Unaweza kupata wiki nzima ya jua, unaweza kunyeshewa kila alasiri. Ukija miezi hiyo, ongeza siku moja ya akiba.

Kufika Mang'ula

Makao makuu ya hifadhi yako Mang'ula, takriban kilomita 350 kutoka Dar es Salaam na kilomita 65 kutoka Mikumi mjini. Kuna njia mbili za kawaida.

Ya kwanza ni basi la Ifakara kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Litapita Morogoro, litavuka Hifadhi ya Mikumi, na Mikumi mjini litaacha barabara kuu ya Iringa na kukata kushoto kuelekea Kidatu. Panda la alfajiri. Basi linaloondoka mchana litakushusha usiku, na huko pembezoni mwa msitu tembo hushuka mashambani giza likiingia, hasa mazao yanapokomaa. Si mahali pa kuburuza begi usiku ukitafuta nyumba ya wageni.

Ya pili ni treni ya SGR hadi Morogoro, kisha bajaji au daladala hadi Stendi ya Msamvu, na hapo basi la Ifakara. Inapunguza uchovu wa foleni za kutoka Dar. Kasoro yake ni kwamba unaweza kukuta mabasi ya Ifakara yamefika Msamvu yakiwa yamejaa, kwa hiyo panda treni ya mapema. Reli ya TAZARA nayo inapita Mang'ula, ila kwa safari ya siku tatu haifai, maana ikichelewa inakula siku yako nzima.

Baada ya Kidatu, baada ya daraja la Mto Ruaha Mkuu, mashamba ya miwa yanaanza na milima inakuwa upande wako wa kulia. Hapo wengi hukosea. Basi linapita kijiji cha Sanje kabla ya kufika Mang'ula, na kondakta akisikia unaenda "maporomoko ya Sanje" atakushusha hapo kwa nia njema kabisa. Usishuke. Kibali na mwongozaji hupatikana makao makuu, kama kilomita 10 mbele. Mwambie kondakta: "Nishushe Mang'ula, njia ya kwenda hifadhini." Kutoka barabarani hadi getini bodaboda watakufikisha mara moja.

Malipo na kibali

Malipo ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hayafanywi kwa fedha taslimu mkononi mwa ofisa. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki, au unatumia kadi. Kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu kabla hujafika, na ukumbuke makato ya muamala. Mtandao wa simu ukisumbua asubuhi, msafara wote unasimama getini jua likipanda. Ndiyo maana ni vizuri kumaliza malipo ya kesho leo jioni, ofisi ikiwa bado wazi.

Raia wa Tanzania na wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kiwango chao, kidogo sana kuliko cha wageni wa nje, lakini lazima uonyeshe kitambulisho: NIDA, pasipoti au kingine kinachotambulika. Usipokuwa nacho, hakuna wa kukuhurumia, na kwa haki. Viwango hutolewa kwa mwaka wa fedha unaoanza 1 Julai, na huongezewa kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Piga simu ofisini kabla ya safari na uulize mambo manne: kiingilio cha mtu mmoja, ada ya mwongozaji kwa kikundi, kibali kinahesabiwa kwa saa ngapi, na kama njia unayoitaka iko wazi. Hilo la nne ndilo wengi hulisahau. Njia hufungwa mti ukianguka au tembo wakiwa karibu.

Mwongozaji hajawekwa ili kukuongezea gharama. Msitu huu una tembo na nyati, na kwenye kichaka kizito huwezi kumwona nyati mpaka mko karibu mno. Mwongozaji anasikiliza, ananusa, anatazama kinyesi kama kina mvuke. Kwa njia ndefu huongezwa askari mwenye silaha. Ada hulipwa kwa kikundi, kwa hiyo watu wanne au watano wakiungana gharama inagawanyika vizuri. Bakshishi hutolewa mwishoni, mkononi, na ni hiari.

Cha kubeba

Anza na viatu, maana ndivyo vinavyoamua siku itakwendaje. Unahitaji kiatu chenye soli yenye meno, kinachoshika kifundo, na ambacho umeshakivaa mara nyingi. Kiatu kipya kitakutoa malengelenge kabla ya nusu ya mpando. Raba za michezo zenye soli laini hutosha Prince Bernhard, zinasumbua Sonjo, na Sanje zinahatarisha. Makubazi beba kwa ajili ya kando ya maji tu. Kata kucha za vidole vya miguu siku moja kabla: wakati wa kuteremka vidole husukumwa mbele kwa saa nzima, na kucha ndefu hugeuka nyeusi. Soksi ziwe ndefu, ili uweze kuzivuta juu ya suruali. Utaona faida yake siafu wakikatiza njia, na dhidi ya kupe na upupu pia.

Maji: lita 2 kwa mtu kwa Sonjo, lita 3 kwa Sanje. Usihesabu maji ya kijito kuwa ya kunywa. Ukilazimika kuyatumia, yachemshe hadi yatokote, au tumia vidonge. Lakini soma pakiti. Vidonge vingi vinavyouzwa madukani ni vya ndoo ya lita 20, na kuweka kidonge kizima kwenye chupa ya lita moja ni kujipa klorini mara ishirini ya inayotakiwa. Nunua vya chupa ukiwa mjini, Mang'ula huenda usivikute.

Chakula cha njiani kiwe kikavu na cha kushiba: mayai ya kuchemsha, chapati, mihogo, karanga, ndizi. Ongeza pakiti mbili za ORS, chumvi za kurudisha maji mwilini. Mtu akitoka jasho sana halafu akanywa maji matupu tu, huanza kuumwa kichwa na misuli kubana, na hapo ORS husaidia kuliko chupa nyingine ya maji.

Kwingineko: koti jepesi la mvua, shati la mikono mirefu, kofia, dawa ya mbu, bandeji ya kuvuta, plasta, tochi, filimbi, nguo kavu moja, na mfuko usiopitisha maji wa kuwekea simu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo usitegemee ya kufungia vitu. Fimbo unaweza kukatiwa au kuazimwa kijijini. Ikufike kiunoni, iwe ngumu, na ijaribu kwa kuiegemea kwa uzito wote kabla ya kuondoka.

Malaria ipo. Mang'ula iko takriban mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, kuna joto na maji mengi. Mtu anayetoka nje ya maeneo ya malaria azungumze na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na kila mtu alale ndani ya chandarua.

Kabla hujafunga begi, osha viatu. Brashi, sabuni, toa udongo wote kwenye meno ya soli, kisha vianike mpaka vikauke kabisa. Sababu yake iko katika milima hii hii. Kusini mwa Udzungwa, kwenye Maporomoko ya Kihansi, mwaka 1996 aligunduliwa chura mdogo aliyeishi mahali pamoja tu duniani, ndani ya ukungu wa maji yanayoporomoka. Mto ulipochepushwa kwa ajili ya umeme ukungu ule ulipungua, wakawekewa mabomba ya kunyunyiza maji, lakini mwaka 2003 idadi yao ilianguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na ni kizazi kilichofugwa Marekani ndicho kilichoanza kurudishwa mwaka 2012. Kuvu hiyo husafiri katika tope bichi na hufa ikikauka. Dakika kumi za kuosha viatu ni kazi ndogo sana mbele ya hasara ya namna hiyo.

Siku ya kwanza: Prince Bernhard

Ukifika mchana, lipia, weka mizigo, na alasiri uende Prince Bernhard. Poromoko hili liko karibu na makao makuu, njia yake ni ya kilomita 1 hivi, na dakika 30 hadi 40 zinatosha kufika kwa mwendo wa polepole. Limepewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyekuwa rais wa kwanza wa WWF, shirika la uhifadhi lililosaidia kuanzishwa kwa hifadhi.

Ni dogo. Usije ukitarajia ngurumo. Uzuri wake ni kivuli, maji safi juu ya mawe, na nyani na mbega wanaopita juu kwa juu. Itumie safari hii kama jaribio: kiatu kinabana wapi? Begi linavuta bega gani? Nani katika kikundi anaishiwa pumzi? Yote haya ni rahisi kuyarekebisha leo jioni, ni magumu kesho kutwa ukiwa nusu ya mlima.

Mbega wekundu wa Udzungwa hawapatikani porini mahali pengine popote nje ya milima hii na maeneo yanayoizunguka. Utawatambua kwa nywele za rangi ya kutu kichwani. Ukisikia matawi yakivunjika juu, simama, nyamaza, usiwanyooshee kidole wala kuwapa ndizi.

Rudi kabla ya saa 11 jioni. Milima iko magharibi mwa Mang'ula, kwa hiyo jua hujificha nyuma yake mapema na msituni giza huanza kabla ya saa uliyoizoea.

Siku ya pili: Sonjo

Njia ya Sonjo inaanzia kaskazini mwa Mang'ula, kilomita 5 hivi kutoka makao makuu. Ni ya kilomita 2.5, huchukua kama saa 2, na inakupeleka kwenye maporomoko mawili. Tofauti yake na nyingine ni kwamba sehemu kubwa inapita katika miombo, yaani miti iliyoachana na nyasi katikati, na jua linakupiga moja kwa moja. Anza saa 1 asubuhi. Ukianza saa 4, utatembea katika joto kali kuliko siku zote tatu, japo njia yenyewe ni nyepesi.

Hapa ndipo pa kujifunza mwendo. Kanuni ni moja: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa, punguza hatua, usisimame. Anayekimbia na kusimama, kukimbia na kusimama, huchoka mara mbili ya anayekwenda polepole bila kukoma. Kikundi kifuate mwendo wa mtu wa polepole kuliko wote, naye awekwe nyuma tu ya mwongozaji. Akiwekwa mwisho, kila anapowafikia wenzake wakipumzika wao huinuka, na yeye hapumziki hata mara moja.

Mchana pumzika. Kunywa maji mengi hata bila kiu, kula wali au ugali wa kushiba, na lipia Sanje. Tafuta pia usafiri wa kesho. Bodaboda au bajaji ya kukupeleka Sanje alfajiri ni rahisi kuipata, lakini ya kurudi wengi huisahau. Patana na dereva mmoja kwa safari mbili, mlipane nusu asubuhi na nusu akikurudisha, na mpeane saa ya kukutana kituoni, kwa sababu simu haishiki vizuri ndani ya msitu.

Siku ya tatu: Sanje

Maporomoko ya Sanje yana urefu wa takriban mita 170, kwa ngazi tatu. Njia ni ya kuzunguka. Tenga saa 4 za kutembea, na kwa mapumziko na kuoga hesabu saa 6.

1. Uwe kituoni Sanje saa 1 asubuhi. Jiandikishe, na mweleze mwongozaji hali ya afya ya kila mmoja bila kuona haya: pumu, presha, goti bovu, ujauzito. Ataamua mwendo, na pengine atashauri mtu fulani aishie mahali pa kwanza pa kutazamia.

2. Saa ya kwanza ni ya kupanda msituni. Usitazame saa, tazama hatua zako. Mizizi inayokatiza njia inateleza kuliko udongo, hasa iliyochubuka gome, kwa hiyo ivuke badala ya kuikanyaga. Usishike mti bila kuutazama: una miiba, au msafara wa siafu, au umeoza ndani. Kila dakika 20 kunywa mafunda machache. Anayengoja kiu amechelewa.

3. Ukifika mahali pa kutazamia, vua begi na ukae. Kutoka hapa poromoko huonekana ng'ambo ya korongo, na watu wengi hupiga picha tatu wakaondoka. Kaa dakika 15. Jasho likauke kidogo, kula yai na chapati. Msitu huu ndiko alikogunduliwa mwaka 1979 nyani ambaye wanasayansi hawakumjua, na ambaye leo anaitwa kwa jina la kijiji cha Sanje. Wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote kama n'golaga. Anatembea zaidi ardhini kuliko mbega, kwa hiyo ukisikia majani makavu yakichakurwa chini, tazama huko.

4. Endelea hadi kwenye dimbwi chini ya poromoko la juu. Hapa ndipo pa kuoga, na maelezo yake yako hapa chini. Mrushio wa maji hulowesha mawe yote yanayozunguka, kwa hiyo simu iingie kwenye mfuko kabla hujakaribia.

5. Kutoka hapo kuna sehemu maji yanapopita kwenye ukingo na kudondoka bondeni, na Bonde la Kilombero lote linafunguka mbele yako, miwa hadi upeo wa macho. Ni mahali pazuri kuliko pote katika safari hii na ni mahali pa hatari kuliko pote. Usivuke mstari anaokuonyesha mwongozaji. Jiwe lililo kavu kwa macho linaweza kuwa na utando mwembamba wa ukoga usioonekana, na mtu akiteleza hapo hakuna cha kushika.

6. Teremka ukiwa bado na nguvu. Ukianza kuteremka saa 6 mchana, unafika chini na akiba ya mchana mzima ikitokea shida. Kaza kamba za viatu upya, hasa karibu na kifundo, ili mguu usiteleze mbele. Weka fimbo chini kwanza, mguu ufuate, magoti yakunjike kidogo. Ajali nyingi za kuteguka hutokea hapa, watu wakiwa wanazungumza na kucheka kwa sababu wanaona kazi imekwisha.

Kuingia majini

Usiruke. Dimbwi ulilolisikia kuwa refu linaweza kuwa limejaa mawe na magogo yaliyoshushwa na masika ya mwaka huu. Ingia kwa kutembea, ukipapasa kwa mguu, na ujimwagie maji kifuani na shingoni kwanza. Mwili uliochemka ukizama ghafla kwenye maji ya baridi huvuta pumzi kwa mshtuko, na pumzi hiyo ikivutwa kichwa kikiwa chini, ni maji yanayoingia.

Usikae chini ya mdondoko wenyewe. Maji yanashusha mawe na vipande vya miti, na kelele yake haikuruhusu kusikia onyo. Pale maji yanapodondokea pia pana mzunguko unaovuta chini, na mwogeleaji mzuri huchoka humo. Oga pembeni, mahali maji yanapotulia, na asiyejua kuogelea asipite kiuno.

Mvua inaweza kunyesha juu ya mlima wakati kwako jua linawaka. Dalili za mto kujaa ni hizi: maji safi yanaanza kuwa na rangi ya chai, majani na vijiti vinaongezeka juu ya maji, sauti inazidi, au jiwe ulilolitumia kuvukia limefunikwa. Ukiona hata moja, toka, panda upande ulio na njia ya kurudi, acha hata taulo. Kama kijito cha kuvuka kimejaa, ngoja. Mito mifupi ya mlimani hujaa upesi na hupungua upesi.

Sabuni na shampuu ziache kwenye nyumba ya wageni. Maji haya yanashuka kwenye vijiji vilivyo chini ya mlima, na kuna mtu anayachota.

Picha

Miteremko hii inatazama mashariki, kwa hiyo mwanga wa asubuhi unaangukia maporomoko moja kwa moja na alasiri yanakuwa kivulini. Hiyo ni sababu nyingine ya kuwahi. Kama unataka maji yaonekane laini kama hariri, subiri wingu au kivuli, weka simu juu ya jiwe au begi, tumia mpangilio wa kasi ndogo, nusu sekunde hivi, na upige kwa kuchelewesha sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise. Futa kioo cha kamera kabla ya kila picha, maana matone ya mrushio yakikaa hapo hugeuza kila kitu ukungu. Droni usiibebe bila kibali maalumu cha hifadhi.

Mambo yakiharibika

Kifundo kikiteguka, keti, usivue kiatu kabla hujajua utashukaje, maana mguu ukivimba kiatu hakirudi. Ukiwa kando ya kijito, chovya mguu na kiatu chake kwenye maji baridi dakika 10, kisha zungushia bandeji ya kuvuta juu ya kiatu kwa umbo la nane. Anayeweza kukanyaga ashuke kwa fimbo mbili. Asiyeweza abaki na mtu mmoja, na mwongozaji aite msaada.

Mtu akiacha kutoka jasho, akawa na ngozi ya moto na maneno ya kuchanganya, hiyo ni hatari ya kweli. Kivulini, nguo zipunguzwe, maji yamwagiwe mwili mzima na apepewe, na msaada uitwe papo hapo. Usimnyweshe kama hana fahamu kamili.

Akiumwa na nyoka, usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kubana. Vua pete na saa, tuliza kiungo kwa kukifunga kwenye kijiti kama kilichovunjika, na ashushwe akibebwa. Hospitali kubwa ya upande huu ni ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Mpe dereva wako jukumu hilo mapema: ajue kwamba simu yako mchana huo inaweza kumaanisha kwenda Ifakara moja kwa moja.

Ukikutana na tembo au nyati, usikimbie kabla mwongozaji hajasema. Simama nyuma yake, nyamazeni wote, rudini nyuma taratibu kwa njia mliyojia.

Baada ya Sanje

Lala Mang'ula usiku wa tatu badala ya kukimbilia basi la jioni. Miguu itakaza, na saa nyingi za kukaa kwenye kiti mara tu baada ya kushuka huifanya iwe mizito zaidi. Asubuhi nyoosha misuli ya mapaja na vigimbi, kisha panda basi la Dar linalotoka Ifakara. Weka nafasi jana yake, kwa sababu mengi hupita Mang'ula mapema yakiwa yamejaa.

Kama magoti yameitika vizuri na una wiki nzima, uliza ofisini kuhusu njia ya kilele cha Mwanihana. Ni kilomita 38, siku tatu na usiku mbili, na huko utahitaji hema, nguo za baridi, wapagazi, na askari mwenye silaha. Anza kuulizia angalau wiki mbili kabla, ili hifadhi ipate muda wa kupanga watu na kukagua njia.